Meza ya Jioni Nyumbani Kwako, Likasi

Mgeni anayelipa ili ale nyumbani kwako Likasi ana haki ya kukuuliza mboga hizi zimelimwa wapi, na wewe unapaswa kuwa na jibu kabla hajauliza. Hapo ndipo meza ya nyumbani inapoachana na malewa ya kando ya barabara, ambako mtu hula, akashiba, akaenda zake bila kujua alichokula kilitoka upande gani wa mji.

Kwa meza ya nyumbani nina maana hii: jioni moja kwa wiki, au mara mbili kwa mwezi, unakaribisha watu wachache nyumbani kwako. Wamelipa mapema, wanakula kile ulichopanga kupika siku hiyo, na wote wanakula kwa wakati mmoja. Mpishi ni wewe, mwenye nyumba ni wewe, na jina litakalotajwa kesho yake sokoni ni lako.

Likasi ina watu wa kukaa kwenye meza kama hiyo. Kuna wafanyakazi wa migodi walioacha familia zao mbali, kuna walimu na wauguzi, kuna wahandisi wanaopita kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kuna wastaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines na wa reli ambao daktari amekwisha kuwaambia wapunguze chumvi na mafuta lakini hakuwaambia wale nini. Watu hawa wamechoka na chipsi na kuku wa kuchoma wa kila siku. Wanatamani chakula cha nyumbani kilichopikwa na mtu aliyefikiria afya yao. Wazee wa mji huu wanakumbuka posho, ule unga wa mahindi na vyakula vingine ambavyo Union Minière, na baadaye Gécamines, iliwagawia wafanyakazi wake. Kwa miaka mingi sahani ya Likasi ilipangwa ofisini. Leo unaweza kuipanga wewe, na ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Ujue udongo kwanza

Sehemu hii naiweka mbele ya mapishi kwa sababu katika mji wetu haiwezekani kuzungumza juu ya chakula bora bila kuzungumza juu ya madini. Mji ulioitwa Jadotville hadi 1966, kwa jina la Jean Jadot wa Union Minière, ulijengwa kwa ajili ya shaba na kobalti. Mitambo ya Panda na Shituru ilianza kazi karibu karne moja iliyopita, na mito inayopita kando yake huteremka hadi Lufira na ziwa Tshangalele.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu zaidi ya 300 wa kusini mwa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini wakilinganishwa na waliokaa mbali, na watoto ndio walioathirika zaidi. Mwaka 2014 watafiti hao wakafuatilia njia ambazo kobalti inapitia kuingia mwilini. Wakakuta ni chakula kinacholimwa na kuvuliwa hapo hapo, pamoja na vumbi.

Sisemi haya ili uogope lengalenga ya mama anayelima kando ya nyumba yako. Nayasema kwa sababu mpishi anaweza kufanya mengi. La kwanza ni kuwatembelea wanaolima. Usinunue mboga ya meza yako kwa mtu usiyemjua shamba lake. Panda pikipiki siku moja asubuhi, nenda ukaone maji anayomwagilia yanatoka wapi. Bustani iliyo juu ya mto, kabla mto haujapita kiwandani, ni bora kuliko iliyo chini yake. Bustani inayomwagiliwa maji ya kisima ni bora kuliko ile inayochota kwenye mfereji wa maji machafu yenye rangi. Angalia na upepo: wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, upepo wetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi la kiwanda na la barabara ya malori hutua upande wa kaskazini-magharibi. Epuka bustani zilizo upande huo, na zile zinazopakana na barabara ya vumbi ambako malori ya mawe hupita mchana na usiku.

Ardhi yenyewe nayo ina dalili. Wale waliotafuta shaba Katanga walijifunza kusoma mimea, na mmoja wa mimea hiyo unajulikana kama ua la shaba, Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa maua ya zambarau unaoota mahali ambapo udongo una shaba nyingi kiasi cha miti kushindwa kuota. Ukiona kilima kitupu kisicho na miti katikati ya msitu wa miombo, na maua hayo yameenea chini, usichume uyoga hapo wala usinunue mboga iliyolimwa jirani yake.

La pili ni kuchagua aina ya mboga. Mboga za majani, hasa zile fupi zinazokaa karibu na udongo, hubeba madini na vumbi zaidi kuliko mboga za tunda kama nyanya, bilinganya, bamia na maboga. Usiache majani, maana hakuna mlo wa Katanga bila majani, na mwili unayahitaji. Yanunue yale ya bustani unayoiamini, na siku ambayo huna uhakika, jaza sahani kwa bilinganya na maboga. Tena nunua kwa wakulima zaidi ya mmoja, katika maeneo tofauti, ili mgeni wako wa kila wiki asile kila wiki kutoka udongo ule ule.

La tatu ni kuosha. Kata mizizi na sehemu ya chini ya shina, tupa majani ya chini yaliyogusa udongo, kisha osha kwa maji matatu: ya kwanza ya kuondoa mchanga, ya pili ya kusugua jani moja moja, ya tatu ya kusafisha. Viazi vitamu na karoti vimenywe. Kuosha huondoa vumbi lililo juu ya jani tu. Madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa maji, na ndiyo maana safari ya bustanini haina mbadala.

Samaki nao wana habari yao. Bwawa la Mwadingusha lilipomalizika mwaka 1930 liliacha ziwa Tshangalele, na tangu hapo samaki wa Kapolowe wamelisha Likasi na Lubumbashi. Ni watamu, wanafika wabichi, na watu wanawapenda. Lakini ziwa hilo ndilo linalopokea maji ya mitambo yetu. Ukiwanunua, toa matumbo, ini na matamvua yote, kwa sababu madini hujikusanya huko kuliko kwenye nyama, na usiwape wageni wale wadogo wanaoliwa wazima pamoja na matumbo. Wiki nyingine pika ndakala wa Tanganyika, samaki wa Kasenga wanaotoka Luapula na ziwa Moero, au thomson wa barafu anayeletwa kutoka bahari ya Namibia. Thomson watu humwona samaki wa maskini. Mimi nasema ukimchoma vizuri kwa limau, tangawizi na pilipili, anafaa kukaa mbele ya mgeni yeyote.

Alika wachache

Nchini Cuba, serikali iliporuhusu watu kuuza chakula majumbani mwao katika miaka ya 1990, iliwawekea kikomo cha viti 12. Kilikuwa kizuizi cha kisiasa, lakini kwa jiko la nyumbani hesabu hiyo inafaa. Mtu mmoja na msaidizi wake, wakipika kwa mbabula mbili au tatu za makala, wanaweza kuwahudumia watu 8 hadi 10 kwa heshima. Wakizidi 12, bukari (ugali) ya mwisho inafika imepoa na mpishi hapati nafasi ya kuketi na wageni, nao wamekuja kwa ajili yako kama walivyokuja kwa ajili ya sombe. Kule Kigali, mpishi Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Congo-Brazzaville aliyekulia Ujerumani, aliuita mgahawa wake Meza Malonga, na ameujenga juu ya vyakula vya Afrika na kuwaeleza wageni asili yake. Yeye ana jiko la kisasa na timu. Wewe una ua na mwembe. Wazo ni lile lile.

Chakula chenyewe

Panga mlo kwa kuanza na majani, kisha kitoweo, na bukari iwe ya mwisho. Kwa desturi tunafanya kinyume: mlima wa bukari katikati, mboga kidogo pembeni, na kipande cha nyama ambacho kila mtu anakiangalia. Nusu ya sahani iwe mboga, robo kitoweo, robo bukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na mgeni akila vizuri kwako anaweza kumaliza zaidi ya nusu ya kiasi hicho kwa jioni moja.

Bukari usiitoe. Mtu wa Katanga asipoiona mezani atakwambia hajala, na atakuwa anasema kweli. Ibadilishe kwa ndani. Tafuta unga wa mahindi yasiyokobolewa, au saga mwenyewe, ili pumba na kiini vibaki. Ukichanganya na unga wa muhogo kama tulivyozoea, kipimo cha muhogo kisizidi robo, na hakikisha muhogo huo ulilowekwa na kukaushwa sawasawa. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una sumu ya sianidi, na huko Kwango watu wengi wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo kwa sababu hiyo. Kila mgeni mpe bonge moja la ukubwa wa ngumi yake. Atakayetaka la pili aongezewe kwa moyo mweupe. Utashangaa wangapi hawaombi, iwapo mboga ni nyingi na tamu.

Mahindi na karanga vikague kwa mkono, punje kwa punje. Chochote chenye ukungu, kilichobadilika rangi au chenye uchungu, tupa. Sumu ya ukungu huo haifi kwa kupikwa, na hudhuru ini polepole. Hapa usiwe na huruma na pesa yako.

Sasa sombe, ambayo ndiyo itakayokupa jina. Chuma au nunua majani machanga ya muhogo, osha kama nilivyosema, twanga kwenye kinu hadi yalainike kabisa. Kutwanga kunafanya kazi mbili: kunalainisha, na kunaanzisha kazi ya kuivunja sianidi iliyomo kwenye majani. Yaache yaliyotwangwa yakae kidogo, kisha chemsha kwa maji mengi bila kufunika sufuria ili ile sumu iondoke na mvuke. Acha ichemke saa moja au zaidi. Wengi hutia magadi au chumvi ya majivu ili iive haraka na ibaki kijani. Acha kabisa. Magadi huharibu sehemu ya vitamini na kuongeza sodiamu ambayo mwenye presha haihitaji. Ukiwa na haraka, siku hiyo pika matembele.

Sombe ikilainika, weka kitunguu, nyanya, kitunguu saumu, pilipili nzima isiyopasuliwa, na karanga zilizotwangwa. Karanga huleta mafuta yake na utamu wake, kwa hiyo mawese yanatosha kijiko kimoja cha mezani kwa kila watu wawili, kwa ajili ya rangi na harufu. Sombe inayoelea kwenye mawese si ya lazima. Ukipenda ladha ya samaki, vunja ndakala wakavu wachache, uwaoshe kwanza kwa maji ya moto ili chumvi ipungue. Baada ya hapo onja kabla ya kutia chumvi yoyote.

Juu ya chumvi niseme waziwazi. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Kipande kimoja cha Maggi au Jumbo, takriban nusu ya uzito wake ni chumvi. Majiko mengi ya Likasi hutia vipande viwili vitatu kwenye sufuria moja, kisha chumvi juu, kisha samaki wa chumvi. Meza yako iachane na vipande hivyo. Mahali pake weka kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa cha kahawia, nyanya zilizopikwa hadi zikakauka, tangawizi, majani ya seleri, limau mwishoni. Wiki za kwanza mgeni atahisi kitu kimepungua. Baada ya mara tatu au nne ulimi wake utazoea, na ataanza kulalamikia chumvi ya kwingine. Chumvi kidogo utakayotumia iwe yenye madini joto.

Msitu nao uingie mezani. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Machi, akina mama huleta uyoga wa miombo sokoni na kando ya barabara. Nunua kwa mama unayemjua, aina unazozijua tangu utoto, na usikubali hata siku moja kujaribia wageni uyoga mpya. Uyoga uliopikwa kwa kitunguu na karanga ni kitoweo kamili kwa asiyekula nyama. Viwavi wakavu nao wana protini nyingi, na kwa wazee wengi hakuna kitoweo kinachowazidi. Lakini uliza mapema, kwa sababu wapo ambao miili yao huwakataa. Profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi miaka mingi, mwaka 1997 alichapisha kitabu kizima juu ya vyakula vya msitu huu, uyoga, viwavi, matunda, mizizi, asali, pamoja na virutubisho vyake. Ukimpata mtu mwenye nakala, iazime. Humo utaona jinsi bibi zetu walivyokuwa na akiba ya chakula ambayo sisi tunaiacha ikateketea pamoja na miti inayochomwa makala. Kikanda kile cha mizizi ya okidi na karanga, kikikatwa vipande vyembamba na kupangwa kwenye sahani kabla ya mlo, kitawafanya wageni waanze kusimuliana vijiji vyao.

Kinywaji cha meza yangu ningechagua munkoyo, kile cha mahindi na mizizi. Utengeneze mwenyewe kwa maji yaliyochemka, unywewe siku ya kwanza au ya pili kabla haujawa mkali, na usitie sukari au utie kidogo sana. Mgeni anayetaka bia yake ya Simba aje nayo. Wewe usiuze pombe. Kwa mwisho wa mlo toa matunda ya msimu, embe, papai, pera au nanasi, yamemenywa na kukatwa muda huo huo. Keki na soda ziache kwa siku za harusi.

Maji, moto, mikono

Kipindupindu hutokea katika mkoa wetu wa Haut-Katanga, na mlo mmoja mbaya unaweza kuifunga meza yako milele na kuwalaza watu hospitalini. Maji ya kunywa na ya kuoshea matunda yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama yametoka kwenye bomba la Regideso, kwa sababu huwezi kujua bomba limepita wapi. Hifadhi lita 100 nyumbani kabla ya kila jioni: kunywa, kupika, kuosha vyombo, kunawa, choo. Choo kikaguliwe na kusafishwa mara ya mwisho dakika 30 kabla ya mgeni wa kwanza, na pawe na sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni ndoo yenye bomba dogo.

Panga kana kwamba umeme hautakuwepo. Ukiwepo, vizuri. Makala ya kutosha, mbabula tatu, taa mbili za jua zilizokaa juani tangu asubuhi. Mbabula zibaki uani au barazani penye hewa. Kamwe usiziingize ndani ya nyumba iliyofungwa, hata usiku wa baridi wa Juni, kwa sababu hewa ya makala huua bila harufu.

Usinunue nyama au samaki wabichi mapema kuliko asubuhi ya siku yenyewe, isipokuwa una barafu ya uhakika. Chakula kilichoiva kibaki kwenye moto hadi kinapopakuliwa. Kikishapoa kisikae zaidi ya saa mbili. Kilichobaki wape walio nyumbani usiku ule ule, na usikitunze kwa wageni wa kesho. Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse matunda. Mwenye kuharisha au kidonda mkononi asiingie jikoni siku hiyo, hata akiwa ni wewe. Ahirisha, rudisha pesa, na watu watakuheshimu zaidi.

Bei na karatasi

Wengi huanza vizuri na kufa kwa hesabu. Andika kila kitu. Tuchukue mfano wa watu 10: vyakula faranga 90,000, makala 10,000, usafiri wa sokoni na bustanini 10,000, msaidizi 20,000. Umefika 130,000. Sasa weka malipo yako mwenyewe, tuseme 50,000, na akiba ya 20,000 kwa sahani zitakazovunjika na siku ambazo mvua itawazuia wageni. Jumla 200,000, kwa hiyo kila mtu 20,000. Bei za sokoni zitakuwa tofauti siku utakayosoma haya, lakini mpango wa hesabu ni huo. Anayejisahau kwenye malipo anawalisha watu kwa jasho la bure, na baada ya miezi miwili atachoka.

Malipo yaingie kwa simu, M-Pesa au Airtel Money au Orange Money, kabla ya Alhamisi kwa mlo wa Jumamosi. Usikubali ahadi ya kulipa mezani, hata kwa shemeji. Ukiwa na likelemba, ule mchango wa pesa wa zamu, na wenzako, chukua zamu yako ya kwanza ununue sahani na vikombe vinavyofanana. Tena nenda komini yako, iwe Likasi, Kikula, Panda au Shituru, uulizie patente ya biashara ndogo na masharti ya idara ya usafi. Ni afadhali wakujue kwa kwenda kwao kuliko wakukute kwa fununu.

Mgeni anapolipa, muulize mambo matatu kwa ujumbe: kuna chakula kinachomdhuru, ana presha au kisukari, kuna asichokula kwa imani yake. Andika majibu kwenye daftari na uyahifadhi kama siri. Mwenye kisukari utampunguzia bukari na kumwongezea maharage, bila kutangaza mbele za watu.

Jioni yenyewe

Wageni wafike saa kumi na mbili, chakula saa moja, na ifikapo saa tatu wawe njiani kwenda kwao. Usiku wa Likasi hauhitaji mtu kutafuta pikipiki saa tano.

Wapokee mlangoni kwa jina, mama fulani, papa fulani, yaya kwa anayekuzidi kidogo. Wawe wahandisi au wauza nyanya, wakae meza moja. Birika la maji ya uvuguvugu lipite mkono kwa mkono kabla ya kula, ukianza na mkubwa kwa umri. Kama kuna anayetaka kuomba dua au sala, mpe nafasi fupi. Kisha simama uwaambie chakula: sombe imetoka kwa mama wa bustani fulani, juu ya mto fulani, samaki ni wa Kasenga, uyoga uliletwa juzi, chumvi ni kidogo kwa makusudi. Dakika mbili zinatosha. Kuna wageni watakaokuja mara ya kwanza kwa sababu ya udadisi na mara ya pili kwa sababu ya dakika hizo mbili, maana katika mji huu hakuna anayewaambia watu chakula chao kimetoka wapi.

Baada ya kupakua, kaa ule nao. Mpishi anayejificha jikoni anawaacha wageni kama wapangaji. Sikiliza wanachosema juu ya chakula, lakini zaidi tazama kinachobaki kwenye sahani. Mboga ikirudi jikoni mara mbili, kosa liko kwenye mapishi yako, na wiki ijayo uipike kwa namna nyingine. Usipige picha za watu bila ruhusa. Wapo wanaopenda kula kwa utulivu bila kuonekana.

Anza na watu sita, Jumamosi moja kati ya mbili, kwa miezi mitatu, bila kuongeza kiti hata ukiombwa. Muda huo utakujulisha bustani gani inakuangusha wakati wa kiangazi, msaidizi gani anafaa, na kama nyumba yako inavumilia. Na kila miezi michache, kiti kimoja usikiuze: mwalike mmoja wa akina mama wanaokulimia, ale alichokilima, asikie wageni wanavyokisifu, na awaambie mwenyewe maji anayomwagilia anayateka wapi.